Mama Aliyepiga Kelele Kwenye Sinema: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, baba yako anakohoa kidogo kama kawaida yake majira haya, na hofu yetu ni juu yako wewe uliye mbali. Najua mnacheka mkisoma salamu za namna hii. Vumilia, ndivyo tulivyofundishwa, siwezi kumwandikia mtu bila kumjulia hali.

Ujumbe wako kuhusu 1984, ile riwaya ya George Orwell, nimeupata. Unasema ulipofika mwisho ulikitupa kitabu chini, kwa sababu Winston Smith anahangaika kurasa zote zile halafu anaishia kukaa mkahawani na glasi ya pombe kali, machozi yanamtiririka, anampenda Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama kile kile kilichomtesa. Unauliza, basi kuasi kulikuwa na faida gani? Na unasema darasani mwenzenu mmoja amejibu kwamba kosa la Winston ni ulaini, kwamba mwasi wa kweli hatakiwi kuwa na neno "siwezi" mdomoni. Hilo la pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kwenye simu ningekurukia bure, na wewe hukusema ni mawazo yako.

Nikuombe kitu. Fungua tena sura ya kwanza, pale Winston anapoandika kwa mara ya kwanza kwenye daftari lake, tarehe 4 Aprili 1984. Wanafunzi wangu wote wa kidato cha tano na sita walikuwa wanakimbilia pale anapojaza ukurasa kwa herufi kubwa kwamba Kaka Mkubwa aangushwe. Ni sawa, pana moto pale. Lakini kabla ya hapo ameandika kitu kingine, bila nukta wala mkato, kwa sababu amezoea kusemea kwenye mashine na mkono umesahau kuandika. Ameandika juu ya sinema aliyokwenda kuitazama jana yake usiku.

Filamu ni ya vita. Meli ya wakimbizi imepigwa bomu, boti la kuokolea watu limejaa watoto, na helikopta inazunguka juu yao. Mbele botini amekaa mwanamke wa makamo, amempakata mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu anayelia kwa woga. Mama mwenyewe ameshabadilika rangi kwa hofu, lakini anamfunika mtoto kwa mikono yake, kana kwamba mikono inazuia risasi. Kisha bomu linaanguka juu yao. Viti vya wanachama vinapiga makofi. Halafu kule nyuma, upande wa walalahoi, mwanamke mmoja anaanza kupiga kelele kwamba hawakupaswa kuonyesha mambo hayo mbele ya watoto, si haki, si mbele ya watoto. Polisi wanamtoa nje. Winston anamalizia kwamba nani anajali wanachosema walalahoi.

Mwanangu, huyo ndiye mtu wa kwanza kupinga jambo hadharani katika kitabu kizima. Hana jina. Hakusema lolote juu ya Chama, wala juu ya vita, wala juu ya uhuru. Na mwandishi amempitisha haraka sana, katika mwandiko mbovu wa mtu ambaye hata hakumwelewa, kiasi kwamba msomaji anamvuka akitafuta uasi wenyewe uko wapi.

Sasa shika huyo mama kichwani, twende mbele. Baadaye Winston anaota ndoto, anaamka na kumbukumbu ya mama yake mzazi. Kulikuwa na njaa, wakapewa mgao wa kipande cha chokoleti. Mama akampa yeye robo tatu nzima, robo iliyobaki akampa mdogo wake wa kike, katoto kagonjwa kasikokuwa na nguvu hata ya kulia. Winston akakwapua na ile robo, akakimbia. Alipogeuka kutazama, mama yake alikuwa amemzungushia mkono yule binti na kumkumbatia kifuani. Kumkumbatia hakukurudisha chokoleti. Winston aliporudi nyumbani baadaye hakuwakuta tena, na hakuwaona maisha yake yote.

Ni mkono ule ule wa kwenye boti, na Winston mwenyewe analiona hilo. Anatambua kuwa mama yake hakuwa mtu wa ajabu wala msomi sana, ila alikuwa na mapenzi ambayo serikali haikuweza kuyabadilisha kutoka nje, na isingemjia akilini kwamba tendo lisiloleta matokeo ni tendo lisilo na maana. Ukinisikia nasema swali lako la faida lina matatizo, nimelitoa hapo. Chama ndicho kinachopima kila kitu kwa faida.

Kisha linakuja jambo la tindikali, na hapo ndipo namtaka mwenzenu wa darasani.

Winston na mpenzi wake Julia wanakwenda nyumbani kwa O'Brien, mkubwa mmoja wa Chama, wakidhani ni mtu wa Udugu, kundi la siri la wapinzani. O'Brien anawahoji kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayejua majibu kabla hajauliza. Mko tayari kutoa uhai wenu? Ndiyo. Kuua? Ndiyo. Kufanya hujuma itakayoangamiza mamia ya watu wasio na hatia? Ndiyo. Kughushi, kuwazoesha watu dawa za kulevya, kuharibu akili za watoto, kusambaza magonjwa ya zinaa? Ndiyo. Kama kwa namna fulani italisaidia kundi letu kummwagia mtoto tindikali usoni, mko tayari? Ndiyo.

Hakuna aliyewashika koo. Hakuna panya, hakuna umeme, hakuna njaa. Wamekaa kwenye nyumba nzuri yenye zulia, mikononi wana mvinyo, kitu ambacho Winston alikuwa hajawahi kukionja. Huyo ndiye mwasi asiyekuwa na "siwezi" mdomoni, anayemtamani mwenzenu, na alipatikana kwa swali moja la upole.

Swali walilolikataa ni moja tu. O'Brien anauliza kama wako tayari kutengana wasionane tena. Julia anadakia, hapana! Winston anachelewa kujibu, hajui hata ni neno gani litamtoka, mwishowe naye anasema hapana. Ukisoma kwa haraka unafurahi, unasema afadhali mapenzi yamesalimika. Mimi nikifika hapo naona watu wawili waliogawa kila kitu kwa hiari na kubakiza kitu kimoja, halafu wamemwonyesha adui kitu chenyewe kilipo. Wizara ya Upendo, ambako Chama huwatesea wafungwa wake, haikuhitaji kutafuta sana.

Utakumbuka kule gerezani O'Brien anamuuliza Winston kama anajiona bora kimaadili kuliko Chama. Winston, meno yamemng'oka, mwili mifupa mitupu, anajibu ndiyo, najiona bora. O'Brien anafungulia sauti iliyorekodiwa usiku ule. Winston anajisikia mwenyewe akiahidi kuiba, kuua, kummwagia mtoto tindikali. Wala O'Brien hakuongeza hoja, alifanya ishara ndogo tu ya mkono kana kwamba jambo lenyewe halikustahili kuthibitishwa.

Nielewe vizuri. Winston anapolia katika Chumba 101, chumba cha mateso ya mwisho, kwamba wamfanyie Julia badala yake, mimi simlaumu. Panya usoni mwa mtu, nani atabaki mzima? Mwili una mwisho wake na anayeutesa anaujua. Namlaumu kwa tindikali, maana pale alikuwa huru. Na wala sidai kwamba angekataa angeokoka. Asingeokoka, mitego ilishategwa miaka mingi, hata yule mzee wa duka la vikorokoro aliyemuuzia daftari alikuwa Polisi wa Fikra. Ninachosema ni kwamba ile kanda ingekosa cha kumsomea.

Sehemu niliyoshindwa kuisoma kwa utulivu tangu niwe mama ni nyumba ya Parsons, jirani wa Winston. Mama Parsons sinki lake limeziba, anamwomba Winston amsaidie, naye anatoa bonge la nywele kwenye bomba. Watoto wawili, wa kiume kama miaka tisa na dada yake mdogo, wanamrukia jirani wakimwita msaliti, mvulana kamnyooshea bastola ya kuchezea. Wamekasirika kwa sababu hawakupelekwa kutazama wafungwa wakinyongwa. Winston akitoka anapigwa shingoni kwa manati, anageuka na kumwona mama anamvuta mtoto ndani. Kinachomshtua si manati. Ni hofu iliyo usoni mwa yule mwanamke, anamwogopa mwanawe aliyemzaa.

Na baadaye Parsons mwenyewe analetwa rumande. Aliropoka usingizini kwamba Kaka Mkubwa aangushwe. Aliyemsikia kupitia tundu la ufunguo na kwenda kumripoti ni binti yake wa miaka saba. Baba anasema anamwonea fahari, inaonyesha amemlea vizuri.

Jambo hili Orwell hakulitoa hewani. Kule Urusi ya Stalin kijana Pavlik Morozov wa kijiji cha Gerasimovka, aliyeuawa mwaka 1932, alifanywa shujaa kwa hadithi kwamba alimshtaki baba yake kwa serikali. Wanahistoria wameitilia shaka sehemu kubwa ya hadithi hiyo, lakini sanamu zilisimamishwa na watoto walifundishwa wamuige. Orwell alishaligusa hata kabla ya 1984. Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 tuliyoisoma sisi shuleni, unakumbuka wale mbwa, Jessie na Bluebell, wanazaa watoto tisa? Napoleon, yule nguruwe mtawala, anawachukua mara wanapoachishwa kunyonya, anasema atawaelimisha, wanasahauliwa. Wanaporudi ni mbwa wakubwa wa kutisha, wanamfukuza Snowball, nguruwe mpinzani wake, na baadaye wanararua koo za wanyama wenzao. Mama zao wapo pale pale shambani. Kitabu hakisemi kama waliwatambua.

Na kuna kitu juu ya mwandishi mwenyewe ambacho sikukijua nilipokuwa nafundisha, vinginevyo ningefundisha tofauti. Orwell na mkewe Eileen walimchukua mtoto mchanga wakamlea kama wao, Richard, mwaka 1944. Machi 1945 Eileen akafariki mezani kwa upasuaji. Sehemu kubwa ya 1984 iliandikwa katika kisiwa cha Jura, Scotland, kwenye nyumba ya shamba iliyojitenga, na mtoto yule akikimbiakimbia humo. Baba alikuwa na kifua kikuu. Aliogopa kumwambukiza, akawa anamzuia asimkaribie sana. Kwa hiyo mtu aliyeandika juu ya mikono inayomfunika mtoto alikuwa hawezi kumkumbatia wa kwake. Riwaya ilitoka Juni 1949, naye akafa Januari 1950, Richard hajatimiza miaka sita.

Sasa nije kwa yule ninayemtaka umjue, maana kwenye orodha yenu ya vitabu hayumo.

Kabla ya Orwell alikuwepo Yevgeny Zamyatin, Mrusi, mhandisi wa meli aliyewahi kupelekwa Uingereza wakati wa vita kuu ya kwanza kusimamia ujenzi wa meli za kuvunjia barafu. Alifungwa na serikali ya mfalme akiwa kijana upande wa Wabolsheviki, akaja kufungwa tena na Wabolsheviki wenyewe walipotawala. Riwaya yake, Sisi, aliiandika 1920 na 1921. Ikatoka kwa Kiingereza New York mwaka 1924, kwao Urusi ikasubiri hadi 1988. Mwaka 1931 alimwandikia Stalin barua kuomba ruhusa ya kuondoka nchini, na ajabu ni kwamba aliruhusiwa. Alifia Paris mwaka 1937. Orwell aliisoma, akaandika uhakiki wake Januari 1946, na ukiviweka vitabu viwili pamoja utaona wazi alichokiokota.

Katika Sisi watu hawana majina, wana namba. Wanaishi kwenye nyumba za kioo, mapazia yanashushwa kwa saa maalumu tu na kwa kibali cha tiketi ya waridi. Hata kutafuna kumepangwa, kila tonge mara 50. Msimulizi ni D-503, mhandisi wa chombo cha anga. Anampenda I-330, mwanamke jasiri, mwanamapinduzi hasa. Wahakiki wanawaandika hao wawili. Mwisho wao unafanana na ule uliokukasirisha: D-503 anafanyiwa operesheni ya kuondolewa ubunifu kichwani, anakwenda kutoa siri zote, kisha anakaa kando ya mtawala kumtazama I-330 akiteswa chini ya kengele ya kioo inayonyonywa hewa. Wanamtesa mara tatu na hatoi neno. Msimulizi hasikii chochote moyoni, anaona tu kwamba uso wake mweupe unapendeza.

Wa tatu ni O-90. Mfupi, mnene kidogo, D-503 anamwona kama mtu asiye na akili nyingi. Amepungua sentimita 10 kufikia kimo ambacho Dola imeweka kwa wanawake wanaoruhusiwa kuzaa. Yeye anataka mtoto. Basi. Anamwendea D-503 na kumwomba, na akikumbushwa kwamba adhabu yake ni kuuawa na Mashine anasema haidhuru, bora amsikie ndani yake hata kwa siku chache. Anapata mimba. Siku zikisonga anatambua kuwa mtoto atazaliwa halafu atachukuliwa, na hapo ndipo anapokubali kitu alichokikataa mwanzo kwa wivu, kusaidiwa na I-330, mwanamke aliyemchukulia mwanamume wake. I-330 anamvusha Ukuta wa Kijani unaouzunguka mji.

Kati ya hao watatu ndiye aliyetoka. Mhandisi amepasuliwa, mwanamapinduzi anangoja kuuawa, na yule aliyedharauliwa yuko nje ya ukuta na tumbo lake.

Najua utakalosema: mama ameanza, anatafuta wajukuu. Hapana, maliza shule kwanza. Wala sisemi wanawake wakae wazae, wengine wapigane. I-330 bila yeye O-90 angekufa, na ukimya wake chini ya ile kengele unanipa heshima ambayo Winston hajawahi kunipa. Ninachokuonyesha ni kwamba waandishi wawili, mmoja Urusi na mwingine Uingereza, walipotaka kuonyesha kitu ambacho dola ya namna ile imeshindwa kukimeng'enya, wote waliweka pale mtu anayemkinga mtoto. Na Orwell, alipotaka kuonyesha mwasi anavyopotea hata kabla hajakamatwa, alimfanya akubali kumuumiza mtoto. Mwenzenu anayesema mwasi asiwe na "siwezi" muulize yeye angejibu nini mbele ya O'Brien, na amjibu nani akishasema ndiyo. Ukimuuliza kwa upole atafikiri. Ukimuuliza kama mimi atanuna.

Mwalimu wenu huenda akawapeleka pia kwenye kiambatisho cha 1984, kile kinachoeleza lugha mpya ya Chama. Kimeandikwa kwa wakati uliopita, kana kwamba Chama na lugha yake vimeshazikwa na mtu anaviandikia historia, na wapo wanaoshikilia kwamba hapo ndipo Orwell alipoficha ushindi. Natamani iwe hivyo. Ila riwaya nzima iko kwa wakati uliopita, sioni kwa nini kiambatisho kibadilike, na mtu anayetaka kutupa matumaini angetupa kitu kikubwa kuliko nyakati za vitenzi. Baba yako anabisha, anasema mimi ni mkaidi. Soma uamue mwenyewe, ila soma kurasa zenyewe, si muhtasari wa mtandaoni.

Kitabu cha Sisi nimempa mjomba wako, anakuja huko mwisho wa mwezi. Kuna mistari nimepiga kwa penseli pale O-90 anapokuja na lile ombi lake, usiifute. Mjomba amebeba na unga na dagaa. Mgawie mwenzako wa chumba, lakini si wote.

Mama yako.